Safu ya Hapana

Mimi hujaza fomu za watu. Nina saiba ndogo Kiuu, upande wa kuelekea Githurai: kompyuta mbili, printa moja yenye hasira zake, na shuka jeupe nililolipigilia ukutani kwa ajili ya picha za pasipoti. Zamani kidogo kazi kubwa ilikuwa kuandika barua za kuomba kazi na kuchapisha ratiba za mazishi. Siku hizi kazi kubwa ni safari. Nchi nyingi zimeacha ile karatasi ndogo uliyojaza ndani ya ndege kwa kalamu ya kuazima. Sasa unajaza mtandaoni ukiwa bado kwenu, siku tatu kabla ya kufika. Unapiga picha ya pasipoti, unapiga picha ya uso wako, na mwisho unapewa kimraba cha vidoa vyeusi ambacho mashine ya huko itakisoma. Bila kimraba hicho hata ndege hupandi.

Wengine hulalamika kwamba dunia imekuwa ngumu. Mimi silalamiki, maana ugumu huo ndio unaonilisha.

Na nina mbio. Nasema bila haya kwamba Kiuu nzima hakuna aliyekuwa akinipita kwa kujaza fomu. Siri yangu ilikuwa rahisi. Yale maswali ya mwisho, ya usalama, karibu yote yanataka jibu moja. Umewahi kufungwa? Umewahi kufukuzwa nchi yoyote? Una ugonjwa wa kuambukiza? Unabeba silaha, dawa za kulevya, nyama, mimea, mbegu, udongo? Vitufe vya ndiyo viko kushoto na vya hapana viko kulia, vimepangana kwenda chini. Mimi nilikuwa nashuka na safu ile ya kulia bila kusoma chochote. Ukikaa kusoma, mtandao unakuchoka na kukutupa nje, unaanza upya. Mteja alibaki kutazama vidole vyangu. Sikuwahi kumsomea mtu swali hata moja, na hakuna aliyewahi kuniomba.

Hivyo ndivyo nilivyomjazia mama yangu.

Mama anaishi Ngoingwa, Thika, katika nyumba aliyojenga na baba kabla mtaa haujajaa ghorofa. Ana ng'ombe mmoja, kuku, na kipande cha shamba nyuma ya nyumba ambacho wapangaji wa ghorofa hukichungulia wakianika nguo. Baba alishafariki. Dada yangu mdogo, kitinda mimba wetu, aliolewa ng'ambo. Nchi yenyewe siitaji, kwa sababu bado nina dada huko na sitaki maneno. Aliposhika mimba yake ya kwanza akikaribia miaka arobaini, na madaktari wakawa wanamwita kila wiki, alisema anataka kitu kimoja tu, nacho ni mama. Mume wake ni mtu wa huko, na ni mwema, lakini kwao mtoto akizaliwa watu huleta kadi na maua kisha huenda zao. Dada alitaka mtu wa kumkanda, kumpikia, na kumwamuru alale.

Tena mtoto akiwa msichana angepewa jina la mama. Kwetu msichana wa kwanza huitwa kwa jina la mama yake mume, na wa pili kwa jina la mama yake mke. Lakini wakwe wa dada hawana habari na mambo hayo, kwa hivyo mama alikuwa ameruka foleni, na alifurahi waziwazi.

"Maitu," aliniambia, "mimi nitazaliwa ng'ambo, na bado hata mto Tana sijavuka."

Maitu ndivyo anavyoniita. Ni kusema mama yangu, kwa sababu mimi nimepewa jina la mama yake. Na hapo pana jambo nililokuwa nimelipita maisha yangu yote bila kusimama. Nyumbani kwetu tulikuwa watatu: kaka, mimi wa pili, na dada huyu wa ng'ambo. Msichana wa kwanza ni mimi. Kwa desturi ningeitwa kwa jina la mama yake baba. Nikiwa mdogo niliuliza mara moja, nikajibiwa kwamba jina la shosho huyo lilishachukuliwa. Nilidhani limechukuliwa na binamu fulani, nikaenda kucheza. Shosho mwenyewe alikuwa akinishika kidevu, ananitazama kwa muda mrefu, kisha ananiachilia. Nilikua nikiamini kwamba hanipendi.

Safari ilianza na ombi la viza, miezi kadhaa kabla. Mama alikuja Kiuu na kuketi kwenye kiti cha wateja, mkoba magotini. Nilipofika kwenye kisanduku cha idadi ya watoto, hata sikumgeukia. Mama hahesabu watoto. Hahesabu kuku wala ndama pia. Ukimuuliza ana watoto wangapi atakuambia, "Wale Mungu alinipa." Ukizidi kumbana atakutajia majina, halafu hesabu wewe ukitaka. Wazee wengi wa kwetu wako hivyo, wanaamini kwamba kitu cha thamani kikihesabiwa kwa sauti kinaitiwa mabaya. Kumuuliza ilikuwa kupoteza wakati. Niliandika watatu. Nani angejua kunishinda?

Viza ilitoka. Zikabaki zile siku tatu za mwisho, na ile fomu mpya ya kuwasili. Mama alikuja tena, safari hii amevaa nguo ya kanisani kwa ajili ya picha. Simu ilimkataa mara tatu kwa sababu alikuwa anatabasamu. Nilimwambia akasirike kidogo.

"Nikasirikie nini?" akaniuliza.

"Fikiria mtu yeyote."

Akakaza uso, na picha ikakubaliwa. Sikuuliza alimfikiria nani.

Kwenye namba ya simu niliandika yangu. Kwenye barua pepe niliandika yangu. Nusu ya watu wazima wa Kiuu wanasafiri duniani kwa barua pepe yangu. Kisha nikafika kwenye maswali ya usalama.

"Sasa wanauliza nini?" mama akasema.

"Vitu vya kawaida tu, mama."

"Kama gani?"

"Kama wewe ni gaidi."

"Waambie niliacha," akasema, akacheka mpaka akafuta machozi. Nami nikacheka huku kidole kikishuka na ile safu ya kulia. Nilimchapishia kimraba chake, nikakitia kwenye karatasi ya plastiki, naye akakiweka ndani ya Biblia. Kazi nzima haikufika dakika kumi na tano, na nilijisifu hivyo kwa kaka jioni ile.

Siku ya safari kaka ndiye aliyetuendesha. Tulichukua baipasi, tukasimama Kamakis, kwa wachoma nyama, tule kitu kwanza. Mama alikunywa chai tu, akasema nyama ya barabarani haijulikani imetoka wapi. Kaka alikuwa na hofu ya uzito wa sanduku, basi akalipeleka kwa mchoma nyama, wakalitundika kwenye mizani ya buchari pale pale, kati ya mguu wa mbuzi na matumbo. Kilo ishirini na mbili na nusu. Tuliruhusiwa ishirini na tatu. Mwenye buchari alimpongeza mama kwa kupima bila mizani, na mama akasema amebeba madebe ya kahawa miaka mingi, mkono wake unajua. Hakuna kati yetu aliyemuuliza ndani mna nini.

Simu iliita kesho yake, kama saa nne na nusu asubuhi. Nilikuwa na mteja mmoja, mama wa Kiislamu anayeuza vitambaa hapa Kiuu na ambaye husafiri mara mbili kwa mwaka kuleta mali. Namba ilikuwa ndefu na ngeni. Nikapokea. Sauti ilikuwa ya mtu mtulivu, inasema Kiingereza polepole. Ilitaja jina lote la mama yangu, ikauliza kama mimi ndiye niliyeandikwa kuwa mtu wa kuwasiliana naye.

Nilijua amefia ndani ya ndege.

"Yuko salama," afisa wa uwanja wa ndege wa kule akasema. "Ameketi hapa. Tumempa chai."

Kisha akanieleza. Katika sanduku la mama walikuta mfuko wa kitambaa, umeshonwa mdomo, una kilo mbili za mbegu nyeusi zenye mstari mweupe. Katika fomu yake ameapa kwamba hana mbegu wala chakula cha aina yoyote.

Njahi, yale maharagwe yetu meusi. Nikashika kichwa.

Hakuna mama wa Thika anayekwenda kumtazama mzazi bila njahi. Mwanamke akishajifungua huchemshiwa njahi zikaiva vizuri, zikapondwa, akala, maziwa yakaja na damu ikarudi. Kumwendea mikono mitupu ni kama kumtukana. Ningetulia nusu dakika tu na kumsomea mama swali lile, angejibu hapo hapo: ndiyo, ninazo, zimetoka shambani kwangu. Hakuficha kitu. Afisa mwenyewe alisema mfuko ulikuwa juu kabisa ya nguo. Mimi ndiye niliyemfanya mama yangu kuwa mwongo mbele ya serikali ya watu, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kujisifu kwa kaka kwa dakika zangu.

Afisa alisema walimtafutia mkalimani wa Kiswahili kwa simu. Mama, ambaye Kiswahili chake ni cha soko la Thika, alimsikiliza kidogo kisha akasema mtu huyo anaongea kama taarifa ya habari, wampigie msichana wake. Na kulikuwa na jambo lingine. Walipomuuliza ana watoto wangapi alikataa kutaja idadi. Waliuliza mara tatu. Kwa afisa, mtu asiyetaka kusema ana watoto wangapi ni mtu anayeficha kitu.

"Jibu moja si la kweli," akasema. "Kwa hivyo lazima nimuulize yote upya, halafu niamue. Anaweza kuingia, au anaweza kurudi na ndege ya leo jioni. Naomba utafsiri anachosema, na usiongeze lako."

Dada yangu alikuwa nje ya mlango ule, amesimama na tumbo la miezi minane na nusu, akimngojea.

Nilimwambia mteja wangu anisubiri. Akanitazama usoni, akaenda kuzima printa iliyokuwa ikikoroma, akaketi. Niliweka simu mezani na kuikuza sauti.

"Mama?"

"Maitu. Chai yao ni maji ya moto."

"Mama, wanataka nikuulize maswali. Nitauliza kwa Kikuyu, ujibu tu."

"Si ulishajibu?"

Nikaanza.

Nani alifunga sanduku? Yeye. Alijua kuna mbegu? "Nilizipanda, nikazivuna, nikazichambua. Nitakosaje kujua?" Alisomewa swali la mbegu kabla ya fomu kutumwa?

"Mwambie msichana wangu ni mtu wa kazi nyingi," mama akasema.

Alikuwa ananifunika, akiwa kwenye kiti cha washukiwa, mbali na kwao. Nilitafsiri kama alivyosema, kisha nikaongeza langu, ingawa niliambiwa nisiongeze: hakusomewa, mimi ndiye niliyejaza. Nilisikia vitufe vya kompyuta ya afisa.

Amewahi kukamatwa? "Bado, isipokuwa leo." Anapanga kufanya kazi akiwa huko? "Nitapika. Hiyo wanaiita kazi?" Mteja wangu, ambaye Kikuyu anakisikia, akafunika mdomo kwa mtandio. Kwa muda mfupi nilianza kuamini tutavuka.

"Sasa watoto," afisa akasema. "Nahitaji idadi."

"Mama, wanauliza watoto."

"Mwambie wale Mungu alinipa."

"Haitoshi, mama. Lakini usihesabu. Nitajie tu."

Akanitajia, polepole, kama mtu anayewaita waje kula. Alimtaja kaka. Kisha akataja jina la shosho, mama yake baba. Kisha akanitaja mimi. Kisha dada.

Nilifikiri uchovu wa ndege umemchanganya. "Mama, huyo wa pili ni shosho."

"Shosho yako namjua. Nakutajia watoto."

"Watoto gani?"

"Wangu," akasema. "Alikuwa wa pili. Alifika miezi saba."

Sauti yake haikubadilika. Aliisema kama alivyosema habari ya chai. Mimi nilikuwa nikitazama skrini ya kompyuta iliyokuwa mbele yangu, yenye fomu ya mteja, na ile safu ya kulia. Nina zaidi ya miaka arobaini. Nimekula katika nyumba ile, nimezika baba kutoka nyumba ile, nimechambua njahi na mama huyo jioni nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

"Ni watatu, sivyo?" afisa akauliza. "Hapa kwenye ombi la viza pameandikwa watatu."

Afisa hakujua Kikuyu. Yule mkalimani alishakata simu. Katika chumba kile hakukuwa na mtu aliyeelewa mama amesema nini. Nikisema watatu, fomu inakubaliana na jibu na mambo yamekwisha. Nikisema wanne, nimempa afisa uongo wa pili katika karatasi za mama yule yule, siku ile ile, na ndege ya jioni ipo. Sikuwa na wakati wa kufikiri vizuri. Nilifikiri dada, na tumbo lake, na mlango ule.

Lakini mama, ambaye Kiingereza hajui, namba zake anazijua. Alijifunza kwenye mashamba ya kahawa, karani alipokuwa akisoma mizani kwa Kiingereza na mchumaji akilazimika kusikia vizuri. Nikisema namba yoyote ataielewa. Nilisikia akipumua karibu na simu, akingoja kusikia nitasema ngapi.

"Ni wanne," nikasema. "Mmoja alifariki akiwa mchanga. Aliyeandika watatu ni mimi. Sikumuuliza. Sikumsomea swali hata moja, la watoto wala la mbegu."

Vitufe vikalia kwa muda mrefu. Kisha afisa akasema neno moja la pole. Halikuwa langu, lilikuwa la mama, na mama akalielewa na kulijibu kwa asante. Halafu afisa akaniambia atanipigia akihitaji, na simu ikakatika.

Nililia pale pale mbele ya mteja. Sikulia vizuri, nililia kwa hasira, nikijiita majina. Yule mama muuza vitambaa hakuniambia ninyamaze. Alisema, "Umesema kweli, dada. Sasa ngoja tu." Akaketi nami karibu saa nzima. Wateja wawili walichungulia, akawaambia mtandao umepotea.

Hatimaye dada akatuma picha. Mama alikuwa amesimama karibu na tumbo lile, amekaza uso kama kwenye picha ya fomu, mkono mmoja umeshika Biblia yenye plastiki iliyotokeza. Njahi zilichukuliwa. Katika kumbukumbu zake liliandikwa onyo. Lakini alikuwa ameingia.

Mtoto alizaliwa wiki mbili baadaye, msichana, na akapewa jina la mama. Kuhusu yule mwingine sikuuliza kwa simu. Dada naye hakuwa na habari yoyote. Nilipomwambia aliniambia mama anambeba mtoto usiku na mchana, hata akilala hataki kumweka chini. Kaka ndiye aliyejua. Alikuwa na miaka mitatu wakati ule, na alichokumbuka ni kwamba kulikuwa na kitambaa cha manjano ambacho hakuruhusiwa kukigusa.

Mama alikaa miezi mitatu, akarudi. Siku ya nne baada ya kurudi nilimwona mlangoni mwa saiba, asubuhi, katika nguo ya kanisani, na haikuwa Jumapili. Alisubiri zamu yake kama mteja yeyote. Ilipofika akaketi kwenye kiti, mkoba magotini.

"Soma," akasema.

"Nisome nini, mama?"

"Kila ulichoniandikia. Nataka kujua nimewaambia nini watu wale."

Nilifungua nakala ya ombi la viza na ile fomu ya kuwasili, nikamsomea mstari kwa mstari, nikitafsiri. Ilituchukua asubuhi nzima. Alinirekebisha mahali pengi. Kazi yake niliandika mkulima. Alitaka na kahawa itajwe. Niliandika kwamba hana ugonjwa wowote. Akaniuliza kama magoti si ugonjwa. Wateja waliongojea nje walianza kunung'unika, akawaambia kwa upole kwamba wao watafikiwa.

Tulipofika kwenye watoto nilisoma bila kuinua macho.

Alinieleza hapo, kwenye kiti cha wateja. Mtoto alikuwa mzima, mnene, mwenye kelele. Alikuja bwana mmoja wa kuandikisha watu wa kila nyumba, na kitabu chake. Akamuuliza ana watoto wangapi. Mama alikuwa msichana tu, mwenye kiburi cha uzazi, akasema wawili, tena akainua vidole viwili bwana yule avione. Jumapili mtoto akashikwa na homa. Jumatano wakamzika.

"Najua si bwana yule," mama akasema. "Najua si vidole. Mimi ni mtu wa kanisa. Lakini sikuhesabu tena."

"Mbona hamkutuambia?"

"Shosho yako alilia kutushinda sisi. Jina lilikuwa lake. Aliona kama amezikwa mwenyewe. Baba yako akasema tulinyamazie jambo hili mpaka apoe. Hakupoa." Akafungua mkoba, akaufunga. "Halafu ukazaliwa wewe, shosho akawa anakuja kukutazama uso. Alikuwa anamtafuta."

Kisha nikamwomba msamaha kwa kutaja idadi kwa sauti mbele ya mgeni, kwa kuwahesabu watoto wake.

"Ulihesabu vizuri," akasema. "Miaka yote hii nilikuwa nangoja mtu akosee, nimrekebishe. Hakuna aliyeniuliza."

Akaelekeza kidole kwenye skrini. "Hapo parekebishe."

Nilimweleza kwamba haiwezekani. Ombi likishatumwa limefungwa. Afisa ameongeza maneno yake kwenye kumbukumbu zao, lakini mimi hapa siwezi kubadili hata herufi. Nilisema hivyo kwa sauti ileile ninayotumia kwa wateja, na nikajichukia.

"Basi andika mahali pengine," mama akasema. "Mahali pasipofungwa." Akasimama, akajikung'uta nguo, akaniuliza kama nimekula.

Siku hizi nasoma maswali yote, moja baada ya jingine. Sifa yangu ya mbio imekwisha, na foleni inafika kwa muuza mitungi ya gesi. Mtandao unanitupa nje, naanza upya. Wapo wanaohamia saiba ya ng'ambo ya barabara, na siwalaumu. Yule mama muuza vitambaa bado ni wangu.

Majina ya kwetu sitayaanika hapa, ni ya nyumbani. Lakini mengine mama aliniagiza niyaandike, nami nimekaa na agizo hilo muda mrefu kuliko fomu yoyote niliyowahi kujaza. Mtoto wa pili wa mama yangu alikuwa msichana. Alikuwa mnene na mwenye kelele, alifika miezi saba, na alikuwa na kitambaa cha manjano. Mimi ni wa tatu.